Usiagize kasiba mpya kwanza

Fort Worth, Texas

Kaka Rashidi,

Salamu kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Huku sote wazima, joto tu ndilo linalotutesa. Ujumbe wako umenifikia pamoja na picha za shabaha, na nimezitazama kwa makini kwa sababu najua hela ulizotia kwenye hiyo sehemu ya juu ya bunduki yako ya AR-15.

Nakuomba kitu kimoja kabla ya mengine yote: usiagize kasiba mpya (yaani mtutu), na usimruhusu mtu yeyote ashike keekee apanue tundu la gesi. Tundu likishapanuliwa halirudi. Unaniambia una matatizo mawili, bunduki inakwama na risasi zinatawanyika. Mimi naona huenda ni tatizo moja, nalo limejificha chini ya mkono wa mbele, ule mfuniko unaozunguka kasiba, pale kwenye bloku ya gesi, kile kipande cha chuma kinachokaa juu ya tundu la gesi.

Angalia dalili zako. Bolti haibaki nyuma magazini ikiisha, na maganda yanaanguka karibu, nyuma ya bega lako la kulia. Hizo ni dalili za gesi kidogo. Bunduki inayopata gesi nyingi mno huyarusha maganda mbele. Sasa, Eugene Stoner alivyoubuni mfumo huu pale ArmaLite miaka ya 1950, gesi inatoka kwenye kasiba kupitia tundu dogo, inaingia kwenye bloku, inarudi nyuma kwa mrija mwembamba hadi ndani ya kibebeo cha bolti, na kukisukuma. Ikivuja popote njiani, kibebeo kinarudi nusu safari.

Na wewe umetuma picha ya masizi upande mmoja wa bloku! Masizi kidogo ni kawaida, hasa bunduki ikiwa mpya. Lakini yale ni mengi, tena yameelemea kushoto. Toa magazini, hakikisha chemba ni tupu kwa macho na kwa kidole, tenganisha sehemu ya juu na ya chini, kisha fungua mkono wa mbele. Shika bloku ujaribu kuizungusha. Ikicheza hata kidogo, umempata mwizi. Isipocheza, legeza skrubu zake, ivute, utazame ndani: gesi huacha alama ya duara ilipopiga. Duara likiwa katikati ya tundu la bloku, sawa. Likikatwa upande kama mwezi mchanga, bloku ilifungwa ikiwa imepinda au haikukaa mahali pake.

Hapo kuna jambo ambalo mafundi wengi wanaounganisha kwa haraka hulipita. Kasiba nyingi zimetobolewa kwa kuhesabu kwamba kati ya bega la kasiba na bloku kutakuwa na kile kibati kinachoshikilia mkono wa mbele wa zamani. Mkono wako ni ule usiogusa kasiba, kibati hakipo. Bloku ikisukumwa hadi ikagota begani, inafunika sehemu ya tundu. Inatakiwa iache nafasi ya kama inchi 0.025, yaani kama milimita 0.6. Duka lililokuuzia halikukosea vifaa, vifaa ni vizuri sana. Nadhani aliyefunga ndiye aliyeharakisha.

Ukishairudisha, chomoa bolti kwenye kibebeo, kisha kisukume kibebeo kitupu taratibu hadi mbele. Mrija uingie kwenye ufunguo wa gesi, kile kijibomba kilicho juu ya kibebeo, bila kukwaruza. Tazama pia zile skrubu mbili za ufunguo, kama zimegongwa pembeni zisilegee. Halafu uwanjani jaribu risasi moja moja ndani ya magazini: bolti ikibaki nyuma kila mara, gesi inatosha. Usiibadilishe bafa, ule uzito unaorudi nyuma pamoja na kibebeo ndani ya kitako, kabla ya hapo. Bafa nyepesi itakufichia ugonjwa tu.

Jambo jingine kuhusu risasi. Zile za bei nafuu za .223 nyingi zina nguvu pungufu kuliko 5.56, aina ya risasi inayofanana nazo kwa umbo, kwa hiyo bunduki iliyo mpakani hukwama nazo. Lakini soma maandishi kwenye kasiba kwanza. Ikiwa imeandikwa .223 Remington peke yake, usiitie 5.56. Ikiwa ni 5.56 au .223 Wylde, zote zinaingia.

Tuje kwenye kutawanyika. Inchi nne kwa yadi 100 ni nyingi kwa kasiba ya aina ile, ila kilichonigusa zaidi ni kwamba kundi zima linahama ukibadilisha namna ya kuegemeza bunduki. Kasiba mbovu haifanyi hivyo. Hiyo ni kasiba inayoguswa na kitu. Chukua kipande cha karatasi, kipitishe kati ya mkono wa mbele na bloku, kuzunguka pande zote. Nina hakika kitakwama upande ule ule wa masizi, maana bloku iliyopinda ndiyo inayoegemea ukuta. Kama hakikwami, kagua skrubu za darubini kwa spana ya kupimia mkazo, halafu nati ya kasiba.

Ukishamaliza hayo ndipo upime usahihi, na upime kwa haki. Makundi ya risasi tatu yanadanganya. Piga kumi, kasiba ipoe katikati. Tumia risasi nzuri za grini 77 (grini ni kipimo cha uzito wa risasi) sambamba na zile za grini 55 unazonunua kwa wingi. Kwa kasiba ambayo mifereji yake ya ndani inazunguka mara moja kila inchi 8, zile nzito zitakaa vizuri. Zile za wingi zikikupa inchi mbili au tatu, usiilaumu bunduki, ndivyo zilivyo.

Badilisha kitu kimoja, piga, andika, ndipo uguse kingine. Najua wewe ni mtu wa kufungua kila kitu kwa mpigo, na ndiyo maana nasisitiza.

Nitumie picha ya ndani ya bloku kabla hujaisafisha. Nataka kuliona hilo duara.

Ndugu yako,
Hamisi