Barua ya Kufunga Muhula kwa Wazazi na Walezi

Wapendwa wazazi na walezi,

Salamu. Leo tunafunga muhula wa kwanza tangu turudi kutoka kwenye ile miezi ya kujifungia ndani kwa sababu ya UVIKO-19. Ripoti zimo ndani ya bahasha. Vitabu vya maktaba virudishwe. Wenye madeni ya ada wafike kwa mhasibu.

Watoto wote wa kitengo chetu cha usonji (autism, hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na hisia za mtoto) wamerudi. Wote! Shule zilipofungwa mwaka 2020, mtoto aliyezoea kengele ileile, kiti kilekile na mwalimu yuleyule alipoteza ratiba yake yote kwa siku moja, wala hakuna aliyeweza kumwambia itarudi lini. Wapo waliokosa usingizi, waliojiuma mikono, waliopoteza maneno waliyokwisha kuyapata. Wapo pia waliotulia nyumbani, mbali na kelele za darasa. Hao kurudi ndiko kulikowatesa.

Mmoja alifika getini siku ya kwanza, akakaa chini na kuziba masikio. Mama yake akatoa kadi alizozichora mwenyewe nyuma ya maboksi: geti, mlango, kiti, nyumbani. Ile ya nyumbani mtoto hakuiachia. Siku hiyo aliishia mlangoni. Wiki ya tatu akakaa kitini. Wiki iliyopita alinikabidhi kadi ya geti, haihitaji tena. Ninayo hapa mezani ninapoandika.

Sasa lililoniuma. Asubuhi ileile ya kwanza, baadhi yenu mlisimama kando mkimsema mama huyo kwa sauti: mtoto hana barakoa, amedekezwa, atatuambukizia watoto. Jioni mkayahamishia kwenye kundi la wazazi. Nimenyamaza muhula mzima nikingoja mtu aombe radhi. Hakuna aliyeomba.

Usonji si utundu, wala hauletwi na malezi mabaya. Mtoto ambaye mshono wa soksi humchoma kama mwiba hafanyi ukaidi akivua kitambaa usoni. Walimu walilijua hilo; wakamweka karibu na dirisha lililo wazi, wakamzoesha barakoa kidogo kidogo, dakika moja, kesho mbili. Mama huyo alikaa miezi yote ile na mtoto asiyelala, bila mtaalamu wa matamshi, bila ndugu wa kumpokea hata saa moja apumzike. Alipofika kwetu akakuta masimango! Waliohusika wanajijua. Maneno yale yafutwe leo, na kabla shule haijafunguliwa nataka kuwaona ofisini, mmoja mmoja.

Nanyi mnaolea watoto hawa, msiache kupokea simu za walimu kwa kuona aibu. Mkizidiwa, semeni. Likizoni shikeni saa za kulala na kuamka hata kama mengine yote yatawashinda.

Shule itafunguliwa Jumatatu. Watoto wa kitengo waleteni Ijumaa inayotangulia, wayaone madarasa yakiwa kimya. Nitakuwa getini kuanzia saa mbili asubuhi.

Wenu,
Mwalimu Mkuu