Anayepika naye aitwe ndani

Ndugu Mhariri,

Daktari alipomwambia mama yangu kuwa moyo wake umeshindwa kufanya kazi, shangazi alitoka nje kupigia simu ndugu walioko Dar, kana kwamba msiba tayari umeingia. Tulipewa bahasha ya vidonge, foleni ikaendelea.

Muuguzi wa zahanati nyingine ndiye aliyetukalisha chini. Moyo haujasimama, alisema. Unasukuma damu kwa nguvu ndogo kuliko mwili unavyohitaji, na maji yanabaki miguuni, tumboni, hata kwenye mapafu. Hapo ndipo tukaelewa kwa nini mama alikuwa akilalia mito mitatu na kushtuka usiku akihema. Sisi tulisema pumu. Miguu tukaisingizia baridi ya Juni. Kumbe ni presha ya miaka mingi, ambayo dawa zake alikuwa akizimeza siku anayojisikia vibaya tu.

Kinachomuumiza zaidi ni uchovu. Mtu aliyezeeka na jembe kwenye migomba ya Tukuyu sasa anapumzika mara mbili kabla ya kufika bombani, na majirani wanamwita mvivu.

Chumvi tulipunguza, magadi tukayasahau. Nayo yana sodiamu, ileile inayofanya maji yabaki mwilini, na huku kwetu nani anachemsha maharage bila magadi? Hata diklofenaki, vidonge vya maumivu ya magoti vinavyouzwa kama pipi, huzidisha uvimbe. Halafu kuna kidonge cha kukojoza: siku ya kliniki alikuwa hakimezi, maana basi la Mbeya halisimami kila abiria anapobanwa. Akifika amevimba, anaongezewa dozi! Tulipomweleza daktari ukweli, akampangia akimeze akisharudi.

Sasa tunajua kuwa uzito ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, hatungoji tarehe ya kliniki. Mizani ya nyumbani hatuna. Kila asubuhi anapimwa kwenye ghala la viazi la jirani, na mwenyewe anacheka kuwa iko siku atapakiwa kwenye lori.

Ombi langu kwa kliniki zetu za Nyanda za Juu Kusini ni moja: mgonjwa wa moyo akiingia kwa daktari, anayempikia aingie naye. Mara tatu za mwanzo mimi niliambiwa nisubiri nje na kapu la chakula.

Mkazi wa Uyole, Mbeya