Vijiti vya Januari

Leicester, 18 Januari

Somo yangu Halima,

Salamu nyingi kwako, kwa mama na kwa wote hapo Lushoto. Sisi wazima, ila baridi imetukamata kisawasawa. Saa kumi na nusu jioni taa zimeshawashwa.

Kwenye ule ujumbe wako wa sauti uliniuliza kama vichaka vyangu vya matunda vimefika, ukasema nikukatie kijiti ukapande huko. Jibu lipo, ila kwanza cheka kidogo.

Jumanne mleta vifurushi aliacha boksi refu mlangoni. Nililipia miche 15, kwa hiyo akilini nilikuwa na vile viriba tulivyobeba vichwani kutoka kitaluni enzi za shule. Kufungua, fungu la vijiti! Hakuna hata jani moja, mizizi iko uchi, imeviringishwa kwenye mfuko wa nailoni. Nikajua nimeliwa. Kuni zenyewe zisingechemsha hata birika la chai.

Nikampelekea mzee jirani ashuhudie dhuluma. Hakusema kitu, akakwaruza ganda kwa ukucha, na chini yake kukatokea kijani kibichi. Kumbe imelala. Kuanzia Novemba hadi Machi huku mimea inayopukutisha majani hung'olewa shambani, ikakung'utwa udongo na kusafirishwa hivyo hivyo usingizini. Haina majani ya kupotezea maji, basi inavumilia. Na bei yake ni nafuu kuliko ile ya kwenye kopo, ndiyo iliyonivuta, usiniambie hunijui.

Siku ile hatukupanda. Ardhi ilikuwa imeganda, beleshi linalia kama limegonga sakafu. Tukaifukia mizizi kwenye ndoo ya mchanga wenye unyevu, bandani. Mzee alikazania hilo tu: baridi haina neno, upepo ukiikausha mizizi ndiyo basi tena.

Jumamosi ardhi ikayeyuka. Tukailoweka mizizi kwa saa moja, tukachimba. Rasiberi, vile vitunda vyekundu laini, hazina makuu, mizizi yake inataka kukaa juujuu, sentimita 5 hivi za udongo zinatosha, nusu mita mche hadi mche. Guzberi, kile kichaka cha matunda chenye miiba, anasimama kwa mguu mmoja, yaani shina fupi, kama kuku wa mvua, na mguu huo haufukiwi. Unakanyagia udongo kwa kisigino, unamwagilia hata kama mvua inanyesha, unatandaza mboji bila kuigusisha shina.

Blakikaranti ndiyo iliyonitoa jasho. Ni vitunda vyeusi vidogo, vikali kama ukwaju, vyenye vitamini C tele. Wakati wa Vita Kuu ya Pili machungwa yalipoadimika, watoto wa Uingereza walinyweshwa sharubati yake. Hii unaizika chini zaidi ya alama ya udongo wa zamani, sentimita 5 au 6, ili itoe machipukizi kutoka ardhini. Sawa. Nimemaliza, nimejipangusa, naitazama miche yangu mitatu imesimama vizuri, mzee ananipa mkasi: "Kata yote." Yote? Yote, ibaki vidole viwili juu ya udongo. Somo, mkono ulinitetemeka. Eti nikiiachia matawi itahangaika kulisha majani na matunda kabla mizizi haijashika. Kiangazi hiki sili kitu, mpaka mwaka kesho.

Nikakata. Lakini sikuvitupa vile vipande. Nimevichomeka kando ya uzio, macho mawili yakichungulia juu, maana blakikaranti hushika kwa kijiti kama muhogo.

Sasa ombi lako. Vijiti ninavyo, tena vya bure, ila sikuletei. Kwanza, sitaki kusimamishwa uwanja wa ndege na miche isiyo na kibali wala cheti cha afya ya mimea. Pili, huu mti unadai baridi: aina nyingi zinataka saa zaidi ya 1,000 chini ya nyuzijoto 7 ndipo zichanue inavyopasa. Lushoto yenu mnavaa sweta Julai, lakini si baridi ya kiasi hicho. Ungepata majani tu, ukanilaumu.

Nitakuletea jamu, nikijaliwa kuvuna. Wewe nihifadhie plamsi, na uniambie ule mpeasi wa nyuma ya jiko kama mliukata au bado unawagombanisha na jirani.

Somo yako,
Halima wa baridi