Karani kasikia, ila haitiki

Ujiji, Kigoma
8 Septemba 2024

Kwako somo yangu Mwajuma,

Salamu nyingi kutoka huku mwisho wa reli. Sisi wazima, mama anaendelea vizuri na goti lake, na ziwa limefunguliwa. Unajua lilifungwa Mei 15 mpaka Agosti 15 ili samaki wapumzike, na miezi hiyo mitatu mimi muuza dagaa nilikaa kama mtu aliye eda. Hata lilipofunguliwa mwezi ulikuwa unakaribia kupevuka, na kwenye mbalamwezi dagaa hawafuati taa, basi tukangoja tena. Sasa giza limeingia na mwalo wa Kibirizi umechangamka. Asali yako ilifika. Kopo moja lilivuja kidogo, nikalilamba mwenyewe nisije nikaipa hasara mifuko.

Ila sikuandikii kwa ajili ya asali. Nakuandikia kwa sababu ya lile neno ulilolisema ulipokuja kwenye arusi ya mdogo wangu, mbele ya wageni, huku unapepeta mchele: "Somo, paka hajui jina. Paka anajua sahani." Watu wakacheka. Karani, paka wangu, alikuwa pale pale kwenye jamvi, nikamwita mara tatu, hata mkia hakuutikisa. Nikaaibika. Nimekaa na neno lako karibu mwaka mzima na leo nakujibu.

Jina lenyewe unajua alivyolipata. Alikuja mdogo, mbavu nje, akawa anakaa kando ya mizani yangu. Kila beseni likipimwa anatazama, miguu ya mbele ameikusanya, kimya, kama mtu wa kuandika daftari. Wachuuzi wakibishana na mimi kuhusu kilo wanasema, "Muulize karani wako." Likashika.

Sasa, nakiri kwamba kabla ya ziwa kufungwa ulikuwa na hoja. Kila nilipomwita nilikuwa na dagaa mkononi, au ndio napangusa kichanja. Nani ajue kinachomleta ni jina au harufu? Lakini kuanzia katikati ya Mei dagaa hakuna. Karani alikuwa anakula ugali wa muhogo na mchuzi wa maharage, tena kwa uso wa mtu aliyetukanwa, na cha ziada akakitafuta kwa panya. Mimi nikaendelea kumwita kwa mazoea tu, mikono mitupu.

Siku moja mchana nimekaa nyuma yake nashona shuka. Yeye amelala kaelekea ukutani. Nikasema "Karani", si kwa kuita, nilikuwa namsimulia mama habari zake. Nikaona sikio la kushoto linazunguka. Sikio tu, somo. Likageuka taratibu mpaka likanielekea mimi niliye nyuma, ungedhani mtu anatafuta stesheni kwenye redio, likakaa hivyo kidogo, kisha likarudi lilikotoka. Kichwa hakikuinuka, jicho halikufunguka. Nikasema "maharage". Kimya. Nikasema "Karani". Sikio lile likaja tena.

Nikampigia simu Hamisi, mtoto wa kaka, yule anayesomea udaktari wa mifugo Morogoro. Akacheka sana. "Shangazi, hilo Wajapani wameshalipima." Akanieleza kwamba kuna mtafiti wa kike, Atsuko Saito, wa Chuo Kikuu cha Sophia pale Tokyo, ambaye mwaka 2019 yeye na wenzake walichapisha utafiti waliofanya na paka 78. Walichokifanya ni kitu ambacho hata wewe ungekifanya barazani kwako. Paka anasikilizishwa maneno manne ya kawaida, yenye urefu na mwendo uleule wa jina lake, moja baada ya jingine, yameachana sekunde 15. Neno la kwanza anashtuka kidogo. La pili anashtuka kwa uchache zaidi. Likifika la nne keshachoka na upuuzi, hajigusi. Ndipo jina lake linasemwa. Kama kwake jina ni kelele tu kama kelele nyingine, ataendelea kulala. Wengi wao hawakuendelea kulala. Masikio yaligeuka, vichwa vikageuka. Hata sauti ilipokuwa ya mtu wasiyemjua, bado walilitambua.

Mimi tena nisifanye? Tukatafuta maneno. Kazi ngumu hapo ni kupata yanayotembea kama "Karani", mkazo katikati. "Sahani" nililikataa kabisa, maana najua ungesema nimeiba. "Mizani" nalo hapana, hilo ni neno la kazi yake. Tukaishia na kabati, baruti, majani, jirani. Mjukuu wa jirani akajificha nyuma ya pazia, akawa anasoma kwenye karatasi huku mimi nahesabu kwa saa ya simu.

Kabati: sikio likacheza, kichwa kikainuka. Baruti: sikio. Majani: kimya. Jirani: sikio likatikisika tena, na hapo nalaumu uchaguzi wetu, jirani na Karani ni ndugu wa tumbo moja. Karani: kichwa kikageuka chote, akamtazama mtoto pale kwenye pazia, halafu akanitazama mimi, kama anayeuliza hawa wana nini leo. Tuliporudia kesho yake aliondoka kwenye "baruti" akaenda kulala juu ya paa. Kwa hiyo nina siku moja ya ushahidi na siku moja ya dharau.

Kuna kipande kimoja cha utafiti ule kilichonifanya nikukumbuke wewe. Japani kuna migahawa ambayo watu wanalipa hela kwenda kunywa chai na kukaa na paka. Usicheke, ndivyo ilivyo. Huku kwetu paka ndiye anayekukalia bure. Sasa wale paka wa mgahawani waliweza kutofautisha majina yao na maneno ya kawaida, lakini walishindwa kutofautisha jina la huyu na jina la yule wanayekaa naye. Paka wa majumbani waliweza hata hilo. Hamisi akasema pengine ni kwa sababu mgahawani kila mteja anaita paka yeyote kwa jina lolote, na akiitwa mmoja wanashikwashikwa wote.

Nikamwambia hayo mimi nayajua, nimeyaishi. Si ni sisi, somo? Mwajuma wawili dawati moja, pale Tabora. Mwalimu akiita "Mwajuma" tunasimama wote, mpaka wakatupa Mwajuma Mrefu na Mwajuma Mfupi. Na unakumbuka ilivyokuwa anapoitwa Mwajuma wa kupeleka daftari ofisini, tunasukumana. Anapoitwa Mwajuma wa kuchapwa, kila mmoja anamtazama mwenzake. Tulikuwa hatujui majina yetu?

Hapo ndipo nilipopata jibu lako. Sisi tumelelewa kwamba mtu akiitwa lazima aitike. Mtoto wa kike aseme "abee", wa kiume aseme "naam", na asiposema anaambiwa hana adabu au hasikii. Basi na paka tunamngoja aseme abee. Hamisi ananiambia huyohuyo Saito na mwenzake walishapima mwaka 2013, paka 20, wakawachezea sauti za wageni na sauti ya mwenye paka zikiita majina yao. Paka waliijua sauti ya mwenyewe, lakini majibu yalikuwa ya masikio na vichwa. Kulia nyau au kuinuka kuja, mara chache sana. Kwa hiyo siku ile ya arusi pengine Karani aliniitikia mbele yako, tena mara tatu, ila wewe ulikuwa unatazama miguu. Sikio la paka lina misuli zaidi ya 20 ya kulizungusha, na anasikia mpaka sauti ya mitetemo 85,000 kwa sekunde wakati sisi tunakomea 20,000. Ana haja gani ya kuinuka kuja kukusikiliza?

Halafu tusiwalinganishe na mbwa. Mbwa amezoea kuwinda pamoja na mtu, lazima asikilize amri. Paka alifuata panya kwenye ghala, akakuta watu. Babu zake ni paka pori wa Afrika, na yule kila mmoja anawinda peke yake, hakuna wa kumwita. Wazee wanasema usikatae wito, kataa neno. Karani anaupokea wito kwa sikio moja, neno halitaki.

Na wakati mwingine anakataa kwa sababu anajua. Juni walikuja watu wa chanjo ya kichaa cha mbwa. Nikamwita "Karani, Karani baba," kwa ile sauti ya kubembeleza, akaja mwenyewe mguu kwa mguu, nikamfunika na tenga. Alilia njia nzima. Wiki mbili baada ya hapo nikilitaja jina lake anafungua macho, ananitazama, anarudi nyuma hatua mbili, anaketi. Asiyejua jina angerudije nyuma? Tangu hapo nikitaka kumfanyia jambo baya namfuata kimya kimya, jina silitumii. Na hiyo sauti ya kubembeleza nayo si bure. Kuna Mfaransa, Charlotte de Mouzon, alipima na paka 16, matokeo yakatoka 2022. Waliitambua pale mwenye paka alipobadili sauti na kuwasemesha wao kama watoto wachanga. Mgeni akisema kwa sauti hiyohiyo, haikuwahusu.

Mama yeye haya yote hayamshtui. Anasema kupewa jina ndiyo kuingizwa nyumbani, na akanikumbusha yule mama Jane Goodall wa Gombe, aliyefika hapa 1960 akawapa sokwe majina, huyu Flo, huyu David Greybeard, na wasomi wakamlaumu kwamba angewapa namba. Nikamwambia mama, sokwe jina lao lilimsaidia anayeandika. Karani lake linamsaidia yeye mwenyewe. Mama akasema, "Linamsaidia kuiba." Hilo sikubishana, kichanja cha juu kilikuwa pungufu.

Sasa nije kwako. Uliniambia paka wako haitiki kabisa, ukafanya hiyo kuwa ushahidi. Somo, paka wako wanamwitaje? Watoto wanamwita Simba. Shemeji ni Yanga wa damu, hawezi kulitamka jina hilo ndani ya nyumba yake, anamwita "wewe". Mkweo anamwita Nyau. Na wewe nimekusikia mwenyewe kwenye simu, unamwita "shii, toka hapo". Ungekuwa wewe ungegeukia lipi? Hata huko Kyoto kuna mwingine, Saho Takagi, 2022, alionyesha kwamba paka wa majumbani wanajua hata majina ya paka wenzao: likitajwa jina la huyu ikatokea sura ya mwingine kwenye kioo cha kompyuta, wanakodoa macho muda mrefu zaidi. Pengine wanayaokota kwa kusikia tu watu wakiwaita. Basi keti na shemeji mkubaliane jina moja. Asipotaka Simba, mpe jina la mtaa, mradi si Mwajuma, wawili tunatosha.

Mzigo wako nimeufunga jana, utafika na treni, nimemkabidhi kijana yuleyule wa safari iliyopita. Kuna mifuko miwili. Wenye kamba nyekundu ni dagaa wa giza hili, wakavu vizuri, hao ni wako. Wenye kamba nyeupe uwaoshe mara mbili kabla ya kukaanga, maana Karani aliulalia usiku kucha na sikugundua mpaka asubuhi. Nilimwita ashuke. Sikio lilikuja.

Ni mimi somo yako,
Mwajuma Mfupi