Intaneti ikikata, usikimbilie kitundu cha RESET

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na wenye intaneti ya nyumbani hapa Mwanza na kandokando ya Ziwa Victoria. Intaneti ikikata, wengi huchukua pini na kubonyeza kitundu kilichoandikwa RESET nyuma ya ruta, wakidhani wanaizima na kuiwasha. Sivyo. Ukikibonyeza kwa sekunde kumi hivi, kinafuta kila kitu: jina la waifai, nywila, na pale inapotumika, akaunti ambayo mtoa huduma aliijaza siku ya kufunga. Plagi iliyolegea inageuka kuwa safari ya fundi ya kulipia.

Cha kutafuta ni mahali mawasiliano yalipokatikia. Njia ina vipande vitatu: kutoka simu hadi ruta, kutoka ruta hadi kisanduku cha faiba au antena ya paani, na kutoka hapo hadi kwa mtoa huduma. Fungua kivinjari cha simu, andika anwani iliyobandikwa chini ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ukurasa wa ruta ukifunguka, waifai yako ni nzima na tatizo liko mbele. Usipofunguka, usimpigie mtoa huduma kwanza. Ugonjwa uko sebuleni kwako.

Wenye faiba watazame taa za kisanduku. Iliyoandikwa PON ikitulia kijani, mwanga unafika. Ikiwaka na kuzimika mfululizo, kisanduku kinajaribu kujisajili na hakijakubaliwa. LOS ikiwa nyekundu, mwanga haufiki kabisa, na hakuna kitufe cha kukusaidia. Kagua uzi wenyewe. Ndani yake mna kioo chembamba; ukikunjwa kwa duara dogo, tuseme chini ya sentimita 6 kwa upana, mwanga unavujia kwenye kona. Mguu wa kochi na ukingo wa kabati ndio maadui wakubwa. Unyooshe polepole, subiri dakika mbili. Kichwa cha kijani kimekatwa mshazari na cha bluu hakikukatwa hivyo, kwa hiyo ukikopa waya wa jirani wenye rangi nyingine utaingia vizuri tu, ila mwanga mwingi utapotea njiani. Ncha usiishike kwa kidole wala usiichungulie. Mwanga wake hauonekani lakini unaweza kudhuru jicho. Ukimpigia mtoa huduma, muulize kiwango cha mwanga kinachosomeka kwenye kisanduku chako. Kikikaribia hasi 27 dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga; hasi ikikua, mwanga umepungua), hapo ndipo intaneti inapokatikakatika, na kazi hiyo ni yake.

Umeme ni sura nyingine, na kwa maoni yangu ndio chanzo kinachosahaulika kuliko vyote. Adapta iliyochoka huwasha taa zote vizuri, kisha watu watano wakianza kutazama video ruta inajizima na kujiwasha. Ukinunua nyingine, volti ziwe zilezile zilizoandikwa kwenye ruta, kwa kawaida 12, na ampea ziwe sawa au zaidi. Volti zikizidi unaweza kuiunguza. Ampea zikipungua ndiyo hiyo ya kuzimika. Umeme ukikatika, chomoa plagi, maana unaporudi huja kwa kishindo. Ukishatulia, washa kisanduku cha faiba kwanza, subiri PON itulie, ndipo uwashe ruta. Zikiwaka pamoja, baadhi ya ruta huomba anwani ya mtandao kabla kisanduku hakijawa tayari na hubaki zimeduwaa.

Wenye antena za paani wana shida yao ya milima na mawe. Antena hizi zinataka kuonana na mnara uso kwa uso, na mti uliokua au ghorofa jipya la jirani linatosha kuzikata. Kile kisanduku kidogo cha kupeleka umeme juu kina matundu mawili: LAN huenda kwenye ruta, PoE huenda kwenye antena. Ukiyabadilisha, antena inazimika, na baadhi ya ruta huungua tundu. Waya unaopanda paani uwe wa shaba tupu na ganda la kuhimili jua, usiozidi mita 100. Ule wa bei poa mara nyingi ni alumini iliyopakwa shaba. Kwenye mita nyingi umeme unaofika juu ni hafifu, na antena inazimika kila ikielemewa. Kabla haujaingia ukutani, uache uning'inie kidogo kama tumbo ili maji ya mvua yadondokee nje, yasifuate waya hadi kwenye ruta. Radi za ziwani zikianza, chomoa umeme na waya huo pia, kwani radi hupita humohumo.

Kwa ruta za laini ya simu, nyumba zinazotazama maji zina kichekesho chake. Juu ya maji hakuna kizuizi, hivyo ruta inaweza kung'ang'ania mnara wa ng'ambo na kuuacha ulio karibu. Ihamishie dirisha la upande wa nchi kavu, kisha usome RSRP, yaani nguvu ya mawimbi ya mnara, kwenye ukurasa wake: hasi 85 ni nzuri, hasi 110 ni ya kusuasua.

Kosa la mwisho ni la kujifungia ruta ya pili ili waifai ifike chumba cha nyuma. Mara nyingi zote mbili huwa na anwani moja na zote hugawa anwani kwa simu, basi nyumba inakuwa na wapishi wawili kwenye chungu kimoja. Ya pili ipe 192.168.1.2 kama ya kwanza ni 192.168.1.1, zima DHCP yake (ile kazi ya kugawa anwani), na waya kutoka ya kwanza uingie tundu lake la LAN, si WAN, lile la kupokelea intaneti. Simu ikionyesha anwani inayoanza na 169.254, ujue hakuna aliyeigawia.

Kwa watoa huduma nina ombi moja. Mafundi wenu wanapomaliza kufunga, wamwachie mteja karatasi yenye akaunti, nywila na kiwango cha mwanga kilichosomeka siku hiyo. Akiulizwa baadaye kama mwanga umeshuka, atakuwa na cha kulinganisha nacho.

Fundi wa mitandao,
Nyakato, Mwanza