Kwa walimu walezi wa ajira mpya

Ndugu walimu wenzangu, salaam.

Kama mjuavyo, mtumishi mpya wa umma hukaa miezi 12 ya majaribio kabla ya kuthibitishwa kazini, na mwalimu wa ajira mpya huweza kukabidhiwa darasa zima, pengine lenye wanafunzi zaidi ya 80, siku chache tu baada ya kuripoti. Naomba basi kila mlezi aingie darasani kwa mwalimu wake angalau mara moja kila wiki mbili, akae nyuma, aandike anachokiona, kisha wazungumze faraghani siku hiyohiyo, wala asimsahihishe mbele ya wanafunzi. Mimi nilisahihishwa ubaoni mwaka wangu wa kwanza, na ilinichukua muhula mzima kurudisha heshima yangu katika darasa lile.

Azimio la kazi na andalio la somo wamefundishwa chuoni. Kinachowaelemea ni kuzigawa dakika 40 za kipindi na kusahihisha madaftari yote bila kukesha, kwa hiyo tuwasaidie zaidi hapo. Tuwaulize pia kuhusu chumba cha kupanga na chakula, hasa kabla ya mshahara wa kwanza.

Katika vikao vya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) vya shuleni, wapeni nafasi ya kutufundisha nasi, hususan TEHAMA, ambako wengi wao wametuzidi.

Tutakutana Alhamisi, saa 9 alasiri, kupitia yale mliyoyaona madarasani. Mwenye udhuru anijulishe mapema.