Leseni yako bado ni halali, lakini ugenini siku zake zinahesabiwa upya

Sisi tunawaandaa wazungumzaji wa Kiswahili waliohamia nchi nyingine kupata leseni ya udereva ya huko, na simu tunayoipokea mara nyingi kuliko zote huanza hivi: "Mwalimu, leseni yangu ina miaka mitatu mbele kabla haijaisha. Iweje naambiwa siruhusiwi kuendesha?" Anayeuliza huwa si mtu mzembe. Amekuwa akipeleka watoto shule na kwenda kazini miezi kadhaa, hajagonga mtu, hajapigwa faini. Kisha siku moja anasimamishwa barabarani, au kampuni ya bima inamwomba nakala ya leseni, na hapo ndipo anapogundua kuwa muda wake umeshapita.

Tarehe iliyochapwa kwenye kadi yako inaihusu mamlaka iliyokupa kadi hiyo. Nchi uliyohamia ina hesabu yake, haikuandikwa popote kwenye kadi, na huanza siku ile unapotambuliwa kuwa mkazi. Hesabu hizo hazifanani hata kidogo. Katika jimbo la Ontario, Kanada, mkazi mpya ana siku 60. Norwe inampa aliyetoka nje ya Ulaya miezi 3. Ujerumani ni miezi 6. Uingereza na Ufaransa ni mwaka 1. Marekani kila jimbo lina sheria yake, kwa hiyo jibu alilopewa binamu yako wa jimbo jingine linaweza kukuponza wewe.

Tunalirudia hili katika kila kikao, kwa sababu wapo wanaodhani kwamba wakisafiri nje wiki mbili na kurudi, hesabu inaanza upya. Kwa mgeni wa matembezi inaweza kuwa hivyo. Kwa mkazi, safari haifuti siku zilizokwisha kupita.

Chukua mfano wa Uingereza. Ndani ya miezi 12 ya kwanza unaweza kuendesha gari dogo peke yako kwa leseni uliyokuja nayo. Mwezi wa 13 ukikukuta hujafaulu mtihani, unakuwa mwanafunzi kisheria: unahitaji leseni ya muda ya hapo, alama ya L mbele na nyuma ya gari, na mtu mwenye umri usiopungua miaka 21 aliyekuwa na leseni kwa angalau miaka 3 akae pembeni yako. Mama aliyekuwa akienda zamu ya usiku peke yake kwa gari lake, sasa amtafute mtu wa kumsindikiza saa 4 usiku. Na foleni ya kupata tarehe ya mtihani wa barabarani nchini humo imekuwa ya miezi. Ndiyo maana mteja anayetujia mwezi wa kumi na moja tunampokea kwa moyo wote, lakini tunaumia, maana tungeweza kumsaidia kirahisi zaidi angekuja mwezi wa pili.

Kabla ya kufikiria mtihani, uliza kwanza kama unauhitaji. Nchi nyingi zina orodha ya nchi ambazo leseni zake hubadilishwa moja kwa moja, kadi kwa kadi. Uingereza, kwa mfano, inabadilisha leseni za gari dogo za Afrika Kusini, Zimbabwe na Japani, lakini orodha hiyo si ndefu. Ufaransa hubadilisha pale tu ambapo nchi ya pili nayo inabadilisha leseni za Wafaransa. Ukiwa nje ya orodha hizo, uwe umeendesha miaka 2 au 20, njia ni mtihani. Ujerumani ina nafuu moja ambayo wengi hawaijui: aliye nje ya orodha lazima afanye mtihani wa nadharia na wa barabarani, lakini halazimiki kutimiza idadi ya masomo ambayo mwanafunzi mpya anatakiwa kutimiza. Tumewahi kuongea na watu waliokuwa tayari kulipia kozi nzima kwa kutojua hilo. Masomo machache bado utayahitaji, na gari la mtihani litakuwa la chuo cha udereva, mwalimu akiwa ndani. Ila uyachukue kwa sababu unayahitaji, si kwa sababu umeogopeshwa.

Kuhusu kile kijitabu cha kijivu kinachoitwa leseni ya kimataifa, tuelewane. Kinatokana na mikataba ya usafiri wa barabarani, hasa ule wa Geneva wa 1949 na ule wa Vienna wa 1968. Kazi yake ni kutafsiri leseni yako ya kawaida ili askari wa nchi nyingine aweze kuisoma. Peke yake hakina nguvu; lazima ukibebe pamoja na leseni yenyewe. Cha 1949 hudumu mwaka 1, cha 1968 kisizidi miaka 3, na vyote viwili haviongezi hata siku moja kwenye muda uliopewa kama mkazi. Kinatolewa na nchi iliyokupa leseni, au chama kilichoidhinishwa nayo. Hizo tovuti zinazokuuzia "leseni ya kimataifa ya miaka 10" kwa kutuma picha tu zinakuuzia karatasi.

Nguvu nyingi uziweke kwenye nyaraka, na kama hujasafiri bado, huu ndio wakati. Ukihuisha leseni, mara nyingi kadi mpya inaonyesha tarehe ya kuhuishwa. Dereva wa miaka 12 anafika ugenini akiwa na kadi inayosema alipata leseni mwaka jana. Afisa wa dirishani hawezi kuuona uzoefu wako mikononi mwako, anasoma kilichoandikwa. Kwa hiyo nenda kwa mamlaka iliyokupa leseni uombe barua yenye mambo haya: tarehe ya leseni ya kwanza kabisa, madaraja uliyonayo, na kwamba leseni haijafungiwa. Barua hiyo ina thamani kubwa. Ontario, kwa mfano, unaweza kutaja mwenyewe uzoefu wa mpaka miezi 12, lakini ukitaka uhesabiwe zaidi ya hapo lazima ithibitishwe na mamlaka ya ulikotoka au ubalozi wake, na ukithibitisha miaka 2 unaruka ngazi za kungoja ambazo mwanafunzi mpya hazikwepi. Japani inataka uthibitishe kuwa baada ya kupata leseni uliishi katika nchi iliyoitoa kwa jumla ya angalau miezi 3, hivyo hata pasipoti yako ya zamani yenye mihuri usiitupe. Kampuni za bima nazo huiuliza historia hiyo. Kuipata barua ukiwa umeshaondoka inawezekana, lakini ni kumsumbua ndugu apange foleni kwa niaba yako, na mara nyingine anaambiwa mwenyewe aje.

Kisha majina. Jina la tatu limeachwa kwenye leseni lakini lipo kwenye pasipoti. "Mohamed" huku na "Muhammad" kule. Jina la baba limekuwa jina la ukoo. Kwetu sote ni mtu yule yule, lakini kwa mfumo wa kompyuta ni watu wawili. Sawazisha kabla ya kupeleka maombi. Tafsiri ya leseni nayo iwe ya mtu anayekubaliwa na ofisi husika, kwani tafsiri nzuri iliyopigwa muhuri usiotambuliwa hurudishwa kama tafsiri mbaya. Na usishtuke leseni yako ya awali ikichukuliwa siku unapopewa mpya. Ndivyo nchi nyingi zinavyofanya, hivyo piga picha pande zote mbili kabla hujaikabidhi.

Mtihani wa nadharia ndio ulioanzisha biashara yetu. Tulikuwa tukiona madereva hodari wanafeli mara tatu, mara nne, si kwa sababu hawajui barabara bali kwa sababu swali limeandikwa kwa lugha ya kisheria. Ujerumani mtihani huo unafanyika kwa Kijerumani na lugha nyingine 12, na Kiswahili hakimo. Uingereza ilifuta wakalimani mwezi Aprili 2014. Ni Kiingereza au Kiwelishi tu. Maswali ni 50, unatakiwa upate 43, halafu kuna sehemu ya video ambapo unabofya pale hatari inapoanza kujitokeza. Darasani kwetu tunaeleza sababu ya sheria kwa Kiswahili mpaka ieleweke, kisha tunakariri maneno ya mtihani kwa lugha ya mtihani. Ukielewa kwa nini umbali wa kusimama unaongezeka kwenye mvua, sentensi ndefu haikutishi. Ukikariri majibu tu, wakibadilisha neno moja umepotea.

Barabarani ndiko kwenye maumivu ya kweli, na wanaoumia zaidi ni wazoefu. Kijana aliyeanza kujifunza juzi hana mazoea ya kuyaacha. Dereva wa miaka 12 anashika usukani kwa mkono mmoja, anakaribia alama ya kusimama, anapunguza, anatazama, anaona barabara nyeupe, anapita. Kwake ni kuendesha kwa akili. Kwa mtahini, magurudumu hayakusimama, na mtihani umekwisha hapo. Alama ya kusimama maana yake ni gari litulie kabisa, hata kama ni alfajiri na hakuna hata paka.

Vioo pia. Unavitazama, hatubishi, lakini macho yakisogea na kichwa kikibaki palepale, mtahini hana cha kuandika. Geuza kichwa. Na kabla ya kubadilisha njia, tazama begani, kule ambako vioo havifiki, maana ndiko baiskeli iliko.

Sheria ya kulia kwanza inawaangusha wengi Ujerumani na Ufaransa. Kwenye makutano yasiyo na alama, anayetokea kulia kwako ndiye anayepita kwanza, hata kama anatoka kwenye kichochoro na wewe uko kwenye barabara pana. Aliyezoea kuwa barabara kubwa ndiyo yenye haki anapita kwa kujiamini, na mwalimu anakanyaga breki yake. Kwenye kipilefti kawaida ni kumpisha aliyemo ndani, lakini kile kikubwa cha Paris kinachozunguka Arc de Triomphe kinafuata sheria ya zamani, anayeingia ndiye anayepishwa. Marekani na Kanada, basi la shule likisimama na taa zake nyekundu zikawaka, kwa kawaida magari ya pande zote mbili husimama kama barabara haikugawanywa katikati. Huko huko, sehemu nyingi unaruhusiwa kukunja kulia taa ikiwa nyekundu baada ya kusimama kabisa. Ukilibeba zoea hilo kwenda Ulaya, unahatarisha maisha ya mtu anayevuka.

Kwa waliojifunza upande mmoja wa barabara wakahamia wa pili: hatari haiko kwenye barabara yenye magari mengi, kwa sababu huko unawafuata wenzako. Iko unapotoka kituo cha mafuta au maegesho, barabara tupu, mawazo yapo kwingine, na mikono inakurudisha ulikozoea. Sweden ilipohama kutoka kushoto kwenda kulia tarehe 3 Septemba 1967, nchi nzima ilihama pamoja saa 11 alfajiri, baada ya maandalizi ya miaka. Wewe unahama peke yako, bila matangazo ya redio. Jipe wiki chache za kusema kwa sauti, "kulia, kulia," au "kushoto, kushoto," kulingana na nchi uliyopo, kila unapowasha gari. Hakuna aibu ndani yake.

Na usiendeshe kinyonge ukidhani ndiyo adabu. Kutambaa kwenye barabara inayoruhusu kasi kubwa ni kosa pia.

Wapo wanaotuuliza kimyakimya kama kuna njia ya kununua leseni. Tunajibu kila mara kuwa hapana, na tunasema kwa upendo. Mamlaka huwasiliana na nchi iliyotoa leseni kuhakiki. Leseni ya kughushi ni kosa la jinai, na kwa mtu ambaye kibali chake cha kuishi kinategemea rekodi safi, atakachopoteza si gari tu. Halafu kuna mtoto anayevuka barabara mbele ya dereva ambaye hakupimwa.

Tunachofanya sisi ni hivi. Kikao cha kwanza ni cha nyaraka: tunaangalia leseni yako, tarehe uliyotambuliwa kuwa mkazi, na sheria ya nchi au jimbo ulilopo, kisha tunakuandikia siku zako zinaishia lini. Madarasa ya nadharia ni kwa video, jioni na mwisho wa wiki, kwa sababu tunajua zamu zenu. Masomo ya barabarani utayafanya na mwalimu aliyesajiliwa huko uliko. Sisi tunakuandaa na orodha ya mazoea ya kuacha ili usilipie saa kumi kwa jambo la saa mbili. Ukishafaulu, tunaketi tena kuhusu bima. Madereva wa malori na mabasi tunawaomba waje mapema zaidi, maana mara nyingi madaraja ya magari makubwa hayahami pamoja na la gari dogo, na katika Umoja wa Ulaya kuna cheti cha taaluma ya udereva juu ya leseni.

Ukitaka kuanza, tutumie picha ya leseni yako pande zote mbili na tarehe ya kibali chako cha ukazi. Kama bado hujasafiri, tuandikie kabla hujafunga mizigo, ile barua ya mamlaka tuiombe ukiwa bado unaweza kwenda dirishani mwenyewe.